Maelekezo ya Njia kwa Kiswahili na Kielekezi cha Setilaiti juu ya Pikipiki

Kumwelekeza mtu njia ni miongoni mwa kazi za kale za lugha yoyote, na Kiswahili, kilicholelewa na mabaharia na watu wa misafara, kina akiba kubwa ya maneno ya kazi hiyo. Katika miaka ya karibuni kazi hiyo imepata mfanyakazi mpya, nayo ni simu iliyofungwa juu ya usukani wa pikipiki, ambayo hupokea mawimbi ya setilaiti, huonyesha ramani, na humwambia mpandaji kwa sauti mahali pa kupinda. Chombo hicho hapa kitaitwa kielekezi. Makusudi ya makala haya ni kueleza mambo matatu: kwanza, jinsi kielekezi kinavyopata kujua mahali kilipo, pili, jinsi Kiswahili kinavyozigawa pande na mahali, na tatu, jinsi maneno ya kielekezi yafaavyo kupangwa ili mpanda pikipiki ayasikie na kuyafuata pasipo kuhatarisha maisha.

Jambo hili si la wanazuoni peke yao. Pikipiki iendayo kilometa 50 kwa saa hupita karibu mita 14 kwa kila sekunde. Mpandaji ambaye hakuyafahamu maneno aliyoambiwa hulazimika kuinamisha macho aitazame ramani, na akiitazama kwa muda wa sekunde tatu tu, amekwisha kwenda zaidi ya mita 40 bila kuiona barabara. Kwa hiyo sentensi iliyotungwa vibaya yaweza kumwangusha mtu kama vile shimo barabarani.

Jinsi kielekezi kinavyopata mahali

Watu wengi husema kwamba setilaiti humwona mpandaji na kumwongoza. Usemi huo umezoeleka, lakini haueleza mambo kama yalivyo. Setilaiti za uelekezaji hazimwoni mtu wala hazijui kwamba yupo. Kazi yao ni kutangaza tu, kila wakati, habari mbili: saa ilivyo, na mahali setilaiti yenyewe ilipo. Simu husikiliza, na hesabu yote hufanywa ndani ya simu.

Mfumo unaojulikana zaidi ni ule wa Marekani, uitwao kwa herufi GPS. Setilaiti yake ya kwanza ilirushwa mwaka 1978, na mfumo ukatangazwa kuwa umekamilika mwaka 1995. Unahitaji setilaiti zisizopungua 24, nazo huzunguka dunia katika kimo cha kilometa 20,200 hivi. Mawimbi ya redio huenda kwa mbio za kilometa 300,000 kwa sekunde, hata safari ya kutoka setilaiti iliyo utosini mpaka simu huchukua sehemu ndogo tu ya sekunde, yapata sehemu 67 katika 1,000. Simu hulinganisha saa iliyotangazwa na saa ya kupokelewa, na kutokana na tofauti hiyo hupata umbali wa kutoka setilaiti hiyo. Umbali kutoka setilaiti tatu watosha kupata mahali. Lakini kwa kuwa saa ya simu si sahihi kama saa za atomi zilizomo katika setilaiti, huhitajika setilaiti ya nne ili kuondoa kosa la saa. Kosa la sehemu moja tu katika milioni moja ya sekunde humsogeza mpandaji mita 300 kutoka alipo.

Ndiyo sababu hata nadharia ya Einstein imeingia katika safari ya bodaboda. Kwa ajili ya mwendo wake, saa ya setilaiti huchelewa kidogo. Kwa ajili ya kuwa mbali na uvutano wa dunia, huwahi zaidi ya inavyochelewa. Ukijumlisha yote mawili, huwahi kwa sehemu 38 hivi katika milioni ya sekunde kila siku. Kama jambo hilo lisingalisahihishwa, kosa la umbali lingalizidi kilometa 10 kwa siku moja, na mtu wa Kariakoo angalionyeshwa kuwa yu baharini.

Mpaka mwezi wa Mei mwaka 2000 serikali ya Marekani iliyaharibu makusudi mawimbi yaliyoachiwa raia, hata mahali paliweza kukosewa kwa kadiri ya mita 100. Baada ya kuondolewa kizuizi hicho, simu iliyo chini ya mbingu wazi hukosea kwa kadiri ya mita tano hivi. Siku hizi simu nyingi husikiliza pia mifumo mingine: GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China. Pwani ya Afrika Mashariki nayo ina sehemu yake katika habari za setilaiti, kwani tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, setilaiti yenye jina la Kiswahili, Uhuru. Hiyo haikuwa ya uelekezaji, bali ya kuchunguza miale ya eksirei itokayo katika nyota.

Kutokana na maelezo hayo yafuata mambo mawili yenye faida kwa mpandaji. La kwanza, kupata mahali hakuhitaji bando la intaneti. Kinachohitaji intaneti ni ramani, na hiyo yaweza kupakuliwa mapema na kuhifadhiwa. La pili, kielekezi hujua nukta tu. Hukosea kati ya majengo marefu, ambapo mawimbi hugonga kuta kabla ya kufika, na hutatizika mahali ambapo njia moja imepita juu ya nyingine. Jijini Nairobi, barabara ya kulipia iliyofunguliwa mwaka 2022 imepandishwa katika baadhi ya sehemu zake juu ya nguzo, na pikipiki haziruhusiwi kuipita. Basi mpandaji aendaye chini yake aweza kuonyeshwa kana kwamba yuko juu. Katika makutano ya Ubungo, Dar es Salaam, njia zimepangwa kwa tabaka tatu. Mahali kama hapo maneno juu na chini yana thamani kubwa kuliko mita zote za kielekezi.

Pande za dunia na pande za mwili

Kielekezi kikiwashwa, aghalabu huanza kwa kutaja upande wa dunia, mathalani "Elekea kaskazini." Maneno hayo ni Kiswahili sahihi, lakini yafaa kukumbuka asili yake. Kaskazini na kusini ni majina ya pepo yaliyotiwa kiishio cha mahali: kaskazi ni upepo wa miezi ya Desemba hata Machi, na kusi ni upepo wa kipindi kinachofuata. Mashariki na magharibi yametokana na Kiarabu, na maana yake ni mahali pa kuchomoza na pa kuzama jua. Maneno yote manne ni ya mtu anayeiona mbingu na kuusikia upepo usoni. Baharia alikuwa na dira mbele yake na nyota juu yake, naye alizijua pande hizo kama nyumba yake. Mpandaji aliye kati ya ghorofa za mji saa sita mchana, ambapo kivuli kiko chini ya magurudumu, hana alama hata moja kati ya hizo.

Katika pwani kuna neno la tano lililokuwa na nguvu zaidi, nalo ni kibla. Unguja, Dar es Salaam na Mombasa ziko kati ya nyuzi 39 na 40 za mashariki, na Makka kadhalika. Basi kibla cha miji hiyo karibu ni kaskazini yenyewe, na kamusi za zamani hazikukosea zilipoeleza kibla kwa maana ya kaskazini pia. Lakini maana hiyo ni ya mahali, si ya lugha nzima. Msemaji wa Kiswahili aliyeko Maskati huswali akielekea karibu na magharibi. Mfano huu waonyesha kwamba neno la upande haliwezi kuhamishwa kutoka mji hadi mji kama linavyohamishwa jina la kitu.

Kwa sababu hizo, katika matumizi ya kila siku mjini, pande zinazotumika ni za mwili: mbele, nyuma, kulia na kushoto. Kulia asili yake ni mkono wa kulia chakula. Kando yake lipo neno la zamani kuume, yaani upande wa kiume, ambalo lilikabiliana na kuke, upande wa kushoto. Kuume limehifadhiwa katika tafsiri ya Biblia ya mwaka 1952 na katika usemi wa wazee. Barabarani limeshindwa na kulia karibu kabisa. Vyombo vya baharini navyo vilikuwa na pande zao, omo na tezi, demani na goshini. Na yafaa kutambua kwamba demani na goshini hazifuati mwili wa mtu wala mbingu, bali hufuata upepo, hata upande uleule wa jahazi hubadili jina upepo ubadilikapo. Hivyo Kiswahili kimekwisha kutumia vipimo vitatu vya pande, yaani mbingu, mwili na upepo, na hakukuwa na machafuko, kwa kuwa kila kipimo kilikuwa na mahali pake. Kosa la kielekezi ni kukitumia kipimo cha baharini penye kona ya sokoni.

Pa, ku na mu

Tofauti kubwa zaidi kati ya kielekezi na msemaji iko katika ngeli za mahali. Kila mwanafunzi wa sarufi ajua kwamba Kiswahili hutofautisha mahali maalumu (pa-), mahali pasipo mpaka dhahiri au palipo mwelekeo (ku-), na mahali pa ndani (mu-). Mtu husema pale dukani, kule sokoni, mle kichochoroni, na kwa kiambishi kimoja msikilizaji amekwisha kujua kama atafute nukta, aelekee upande, au aingie ndani.

Kwa kielekezi mahali pote ni pa-. Mwisho wa safari kwake ni nukta moja, nayo hupatikana kwa namba mbili, latitudo na longitudo. Hakijui kwamba nyumba itafutwayo imo mle ndani ya uchochoro usiopitika ila kwa miguu, wala kwamba soko ni kule kote na si lango moja tu. Mpandaji hufikishwa nyuma ya ukuta wa nyumba aitakayo, kwa kuwa nukta imekaribia, naye huambiwa kwamba amefika. Amefika pa-, lakini mu- hajaingia.

Kadhalika msemaji hupima umbali kwa vionyeshi vyenyewe. Hapa, hapo na pale ni ngazi tatu, na ya tatu huweza kurefushwa kwa sauti: anayesema "kuleee" amempa msikilizaji kipimo cha umbali kwa urefu wa irabu. Kipimo hicho hakina mita, lakini msikilizaji hukielewa mara moja. Vipimo vingine vya kawaida ni vituo vya basi, dakika za mwendo, na kiasi cha nauli. Kumwambia mpandaji "baada ya mita mia mbili na hamsini" ni kumpa namba ambayo hana chombo cha kuipimia isipokuwa mazoea, na mazoea hayo hayapatikani katika siku za kwanza za pikipiki mpya.

Anayesimama na anayesafiri

Wanaotunga maneno ya kielekezi kwa Kiswahili huelekea kufuata mfano wa mpita njia anayeulizwa kando ya barabara. Mfano huo haufai, na sababu yake ni ya kisarufi. Mpita njia husimama, na anayeuliza huondoka. Kwa hiyo maelezo yake yote ni ya mambo yatakayotokea yeye asipokuwapo: "Ukifika kwenye mwembe, utaona njia mbili; usishike ile ya vumbi; ukishapita shule, uulize tena." Usemi wake umejaa -ki-, -sha- na -ta-, na vitenzi vya matakwa. Ni usemi mzuri, na hata ile amri ya mwisho, uulize tena, ina hekima yake, kwani humkabidhi msafiri kwa mwelekezaji mwingine.

Kielekezi hakisimami kando ya njia. Kinasafiri pamoja na mpandaji, na kila kisemapo "hapa," hapa pake ndipo hapa pa mpandaji. Katika maisha ya kila siku yuko mtu mwingine ambaye hali yake ni hiyohiyo, naye ni abiria aketiye nyuma. Usemi wa abiria ni wa namna nyingine kabisa: "Nyoosha tu." "Kushoto hapo, penye nguzo." "Shika hiyo ya lami." "Taratibu, kuna tuta." "Hapa hapa, nishushe." Hauna -ki- wala -ta-, una amri fupi, vionyeshi, na vitu vinavyoonekana kwa macho. Aghalabu upande hutajwa kwanza na alama baadaye, kwa kuwa mpandaji huhitaji kwanza kujua ajiweke upande gani wa barabara, kisha ndipo ajue mahali hasa pa kupinda.

Basi kielekezi kizuri cha Kiswahili ni kile kitakachosema kama abiria. Jambo hili laonekana dogo, lakini hubadili karibu kila sentensi. Mfano mmoja watosha. Safari ikiisha, kielekezi hupenda kutangaza, "Umefika mwisho wa safari yako." Katika sikio la Mswahili maneno hayo yana kivuli kisichopendeza, maana mwisho wa safari ni pia tafsida ya mauti. Abiria husema "Tumefika," kwa nafsi ya wengi, kwa sababu safari ni ya wote wawili.

Vitenzi vya kona

Uchaguzi wa kitenzi nao wataka uangalifu. Geuka hutumika sana katika tafsiri, lakini maana zake ni nyingi: kuelekea upande mwingine, kutazama nyuma, kurudi ulikotoka, hata kubadilika kuwa kitu kingine. Mpandaji akiambiwa "geuka" peke yake aweza kudhani kwamba amepotea na yampasa kurudi. Pinda na kata kona hazina shaka hiyo. Geuza, yaani kukigeuza chombo, yafaa kuachiwa maana ya kurudi nyuma. Nyoosha ni bora kuliko "endelea moja kwa moja" kwa ufupi wake. Shika njia yafaa mahali ambapo barabara yagawanyika mara mbili bila ya kuwapo kona hasa.

Penye mzunguko wa barabara lugha imejitungia neno lake lenye historia ya kuchekesha. Watu wa Tanzania hupaita kipilefti, kutokana na kibao cha Kiingereza kilichoamuru madereva washike kushoto. Msikilizaji wa Kiswahili alisikia silabi ki- mwanzoni, akaliweka neno katika ngeli ya KI-VI, na wingi wake ukawa vipilefti. Hivyo amri imekuwa jina, na kitenzi cha kigeni kimekuwa kiambishi cha Kibantu. Neno lafaa kabisa katika kielekezi cha Dar es Salaam au Dodoma. Lakini katika Burundi, Rwanda na Kongo magari hupita kulia, na huko kipilefti huzungukwa kwa upande ulio kinyume cha jina lake. Kenya watu husema zaidi mzunguko au raundabauti. Kwa hiyo kielekezi kimoja kwa Waswahili wote hakitoshi. Orodha ya maneno yapasa kufuata nchi, kama vile ramani ifuatavyo nchi.

Majina ya mahali

Mji wa Waswahili hujulikana kwa majina ya vituo na mitaa kuliko kwa majina ya barabara. Katika Dar es Salaam husemwa Tegeta kwa Ndevu, Mtoni kwa Aziz Ali, Magomeni Mapipa, Mbagala Rangi Tatu, Sinza Makaburini, Kimara Mwisho. Mpangilio wa majina hayo ni wa namna moja: hutangulia mahali pakubwa, hufuata mahali padogo. Msikilizaji huongozwa kutoka eneo hadi nukta. Anwani ya mtindo wa kizungu, ambayo ramani nyingi za simu huifuata, huanza na namba ya nyumba, kisha barabara, na mji huja mwisho. Yaani humwambia mtu nukta kabla hajajua eneo.

Majina hayo pia yamehifadhi habari za mji. Kimara Mwisho yatukumbusha mahali ambapo njia ya basi iliishia, ingawa mji umekwisha kupita hapo mbali sana. Anayeyatafuta mapipa ya Magomeni ili ajue kwamba amefika atakuwa ameikosea lugha, kwa maana jina la mahali halidai kuwapo kwa kitu kilicholizaa. Kiunganishi kwa, katika kwa Ndevu na kwa Aziz Ali, huhifadhi kumbukumbu ya mtu ambaye nyumba au shughuli yake ilikuwa alama ya wapita njia.

Mwaka 2022 Tanzania iliendesha kazi kubwa ya anwani za makazi, ambapo barabara zilipewa majina na nyumba zikapewa namba nchini kote. Faida yake kwa kielekezi, kwa mpeleka mizigo na kwa gari la wagonjwa haina haja ya kutetewa. Lakini kuna hatari ambayo yapasa kutajwa. Ramani ikiyapokea majina mapya na kuyaacha ya zamani, kutakuwa na miji miwili katika mji mmoja: mji wa kioo cha simu na mji wa vinywa vya watu. Mgonjwa atasema yuko karibu na Makaburini, na dereva atakuwa na jina la barabara ambalo mgonjwa hajapata kulisikia. Dawa si kukataa majina mapya, bali ni kuyaandika ya zamani kando yake.

Matamshi nayo ni sehemu ya jambo hili. Sauti iliyotengenezwa kwa Kiingereza hutia irabu mbele ya Mbagala, hupotosha ng' ya Ng'ambo, na huweka mkazo mahali pasipostahili. Katika Kiswahili mkazo huwa karibu daima katika silabi ya pili kutoka mwisho, na sikio hulitambua neno kwa mkazo huo. Ukihamishwa, mpandaji husikia jina la mahali asipopajua katika mji aliozaliwa.

Urefu wa sentensi na kelele ya upepo

Imebaki kueleza hali ya msikilizaji. Mwenye gari husikia ndani ya kibanda kilichofungwa. Mpanda pikipiki husikia ndani ya kofia ngumu, upepo ukivuma na injini ikinguruma. Kama pikipiki ni mpya, mikono na miguu yake bado inajifunza klachi, gia na breki, na masikio yake bado hayajazoea mlio wa injini. Kwa hiyo nafasi ya lugha ni finyu.

Sentensi "Baada ya mita mia mbili na hamsini, pinda kulia" ina silabi 20. Ikisemwa kwa kasi ya silabi sita kwa sekunde, huchukua zaidi ya sekunde tatu, na katika muda huo pikipiki ya kilometa 50 kwa saa imekwenda mita 46 hivi. Zaidi ya hayo, neno la lazima kuliko yote, kulia, limewekwa mwisho kabisa, ambapo sauti ya msemaji wa Kiswahili hushuka. "Kulia, mbele ya msikiti" ina silabi kumi tu, na neno la lazima ndilo la kwanza.

Kwa bahati njema, kulia na kushoto hazifanani kwa sauti kiasi cha kuchanganyikana. Ni kweli kwamba zote zina silabi tatu na zote huanza na ku-, na kwamba sh ni sauti ya mvumo ambayo upepo wa kofia huweza kuimeza. Lakini silabi yenye mkazo ni li katika moja na sho katika nyingine. Irabu i na o ziko mbali mbali kinywani na sikioni, na irabu za mwisho, a na o, huthibitisha. Hatari si kuchanganya, bali ni kutosikia kabisa. Kwa ajili hiyo yafaa upande utajwe mara mbili, kwanza mapema na tena penye kona yenyewe: "Kulia mbele. Kulia hapa."

Kuhusu chombo chenyewe, maneno machache yatosha. Simu yapasa kufungwa imara katika kishikio kabla ya safari, na njia kuchaguliwa pikipiki ikiwa imesimama. Mwaka 2021 kampuni ya Apple iliwatahadharisha watumiaji wake kwamba mtikisiko wa injini za pikipiki kubwa huweza kuiharibu kamera ya simu iliyofungwa juu ya usukani. Basi kishikio chenye mpira wa kupunguza mtikisiko kina faida. Tena yafaa kuchagua njia za pikipiki pale programu inapoziruhusu. Google ilianza kuzionyesha nchini India mwaka 2017, na baadaye nchi nyingine zikafuata, Kenya ikiwamo.

Mambo ya kufuatwa

Kutokana na hayo yote, wanaotunga Kiswahili cha kielekezi waweza kushauriwa kanuni hizi. Kielekezi kiseme kama abiria, si kama mpita njia. Upande utangulie, alama ifuate, na mita zitajwe pale tu ambapo hapana alama. Pande za dunia ziachwe kwa bahari na kwa barabara ndefu za bara. Pinda, kata, nyoosha, shika na geuza zigawiwe kazi zake, wala geuka isibebeshwe zote. Majina ya vituo yaandikwe kando ya majina ya barabara, kwa mpangilio wa Kiswahili, na yatamkwe kwa mkazo wake. Penye uchochoro, kielekezi kikiri kwamba njia ya pikipiki imekwisha na kwamba nyumba imo ndani. Neno moja, humo, latosha.

Kanuni hizo hazihitaji maneno mapya. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930, na vyombo vya lugha vilivyoirithi, vimejitahidi sana kuunda istilahi za mashine, na kazi hiyo ni ya lazima. Hapa, hata hivyo, istilahi zimekwisha kuundwa na watu wenyewe juu ya viti vya pikipiki, tena zimejaribiwa kila siku penye kona za hatari. Lililobaki ni kuzisikiliza na kuziandika, kabla sauti ya mashine haijawazoeza watoto wa mjini kusema na kupokea maelekezo kwa mita, wakasahau tofauti ya pale, kule na mle.